Kondoo Aliyekataa Majani

Jumatatu, 6 Juni
Kondoo amemaliza bakuli lake la pumba. Siku ya nne. Tangu watu binafsi wafungue mashine za kusaga kule Ibighi, pumba zimejaa, nami nimenunua gunia. Ana mimba, na zizini hana mwenzake. Akifa, ufugaji wangu umekwisha.
Mke wangu, Mama Ambakisye, bado yuko msibani Kisondela. Nimebaki na mke wa mwanangu. Mila hairuhusu baba mkwe na mkwe kusemezana wala kutazamana. Nikikohoa tu, anakimbilia migombani. Najitahidi nisikohoe ovyo.

Jumatano, 8 Juni
Jambo la kuandika. Majani hayagusi. Nimemfunga penye nyasi nzuri, akazitazama kama mzee aliyeletewa uji bila sukari. Akisikia bakuli, anaruka. Siku sita tu, keshakuwa bwanyenye.
Kinyesi: zamani vidonge kama kunde. Leo uji. Nimenusa. Kikali, kama togwa iliyolala.

Ijumaa, 10 Juni
Hajacheua tangu asubuhi. Nimekaa nusu siku nikitazama taya. Limelala. Nimempa nusu bakuli, bado anaharisha. Hesabu haikubali. Na gunia limeshuka mno. Nawashuku panya. Ushahidi sina, chuki ninayo.

Jumamosi, 11 Juni
Tumbo limevimba upande wa kushoto, gumu kama ngoma. Anasaga meno. Nimeogopa.
Nimemwita bwana mifugo wa zamani. Walimpunguza kazini, sasa anauza dawa nyumbani kwake. Akauliza pumba kiasi gani. Nikasema bakuli moja kwa siku. Akabonyeza ubavu.
"Mzee, humu mna mabakuli mawili kwa siku."
Nyuma ya ukuta wa jiko ikatoka sauti ya mkwe.
"Wewe kondoo, si nilikuwa nakupa kila jioni, nikidhani mzee anakunyima?"
Nikatazama chini. Nikamjibu kondoo: "Mwambie aliyekulisha, mzee alikuwa anakupa kila asubuhi."
"Kondoo, mwambie baba anisamehe."
"Kondoo, mwambie mkwe, baba naye ni mjinga."
Bwana mifugo kasimama katikati na chupa ya mafuta ya kula, kama hajui amnyweshe nani. Mwishowe akamnywesha kondoo.

Jumapili, 12 Juni
Kanisani sikwenda. Nimemkanda ubavu tangu alfajiri. Saa nne akabeua. Kisha tena. Sijawahi kufurahia harufu mbaya namna ile. Pumba marufuku. Nyasi kavu na maji, basi.
Nimemwomba Mungu. Kwa kondoo, ndiyo. Aone aibu nani?

Jumatano, 15 Juni
Manyunyu na baridi. Anakula majani, kidogo kidogo, kwa kununa. Vidonge vimerudi. Nimeweka kiganja chini ya tumbo, mtoto akanipiga teke.
Asubuhi mkwe amemsalimia kondoo kutoka nyuma ya ukuta. Kondoo alikuwa anacheua, mdomo umejaa.
Nikaitikia mimi.