Mkanda wa Udongo wa Mama

Mnero,
Nachingwea.
17 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Evarist,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Mwanza? Wifi Marystella hajambo? Na Happy, kifua kimepona? Siku ile nilimsikia kwenye simu akikohoa nikakosa raha kabisa. Mchemshieni tangawizi, na asilale karibu na dirisha hata kama analia joto. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mikorosho imetoa maua mengi mwaka huu, tunaomba tu ugonjwa wa ubwiriunga usiyaharibu.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea. Mama amenikataza nisikwambie jambo hili kwenye simu. Barua hakuitaja, kwa hiyo nimejifanya sikuelewa. Tena wewe kwenye simu huna subira. Mteja akiingia dukani tu, "dada, nitakupigia", basi, mpaka wiki ijayo. Barua utaisoma mpaka mwisho, nakujua.

Naanza na nyumba, maana ndiko mambo yalikoanzia. Unakumbuka Mama alipokwenda Mandawa kwenye harusi ya binti wa mjomba Titus, akakaa wiki tatu. Ndipo mimi na wewe tulipopanga mambo yetu. Ulinitumia picha za sebule mpaka simu ikajaa, na ndoo za rangi ulizozipakia kwenye basi zilifika salama, hata moja haikumwagika. Nikamwita Jonasi, fundi wa Nambambo, nikamwonyesha picha. Akasema, "Hii kazi ndogo, dada. Ila huu udongo wote lazima tuukwangue."

Tukaukwangua, Evarist. Ule udongo wa kichuguu ambao Mama alisiriba kwa mikono yake kila mwaka baada ya mavuno, na ule mkanda wake ulionyanyuka ukutani usawa wa kiuno, ukizunguka sebule na ukumbi mpaka vyumbani. Alijifunza kwa bibi kule Mandawa. Unakumbuka tulivyokuwa tunagombania kubonyeza dole gumba kwenye udongo mbichi? Kijishimo kimoja kando ya mlango wake na baba, viwili mlango wangu, vitatu wako. Jonasi aliutoa wote kwa siku moja, akapiga lipu laini, halafu ikaja rangi yako ya maziwa. Mimi ndiye niliyebeba kile kifusi na kukimwaga nyuma ya choo.

Sikuishia hapo. Kabati la vyombo nikalihamishia dirishani kama kwenye picha. Makochi nikayageuza. Mtungi wa maji niliuona wa kizamani, nikautoa nje, nikaweka ndoo yenye bomba upande wa pili, na zulia katikati. Nilipokutumia picha ulinijibu kwa alama za dole gumba kumi. Nilijisikia mtu wa mjini.

Mama aliporudi, majirani walikuwa wamejaa kutupongeza. Alisimama mlangoni, akapapasa ukuta kwa kiganja, akasema, "Mmefanya vizuri." Akaketi kwenye kochi la kwanza alilolifikia na hakunyanyuka mpaka watu walipoondoka. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Asubuhi yake nilikuwa nachambua mchele sebuleni. Nikamwona anatembea kando ya ukuta, kiganja kinapanda na kushuka kama anayetafuta kitu kilichobandikwa. Kisha akauliza, "Agatha, mlango mmeupeleka wapi?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, maana mlango ulikuwa pale pale, hatua tatu mbele yake, na nilijua Mama anapenda utani. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yameelekea kwenye kabati.

Siku hiyo hiyo aliingia Limi kuleta maziwa. Huyu humjui. Ni mke wa Malimi, wale Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao miaka michache iliyopita. Mimi na yeye tulikuwa hatuelewani tangu ng'ombe walipoingia kwenye kunde zangu, lakini na Mama ni marafiki. Nilipomweleza akaniangalia kwa mshangao. "Dada, mama haoni. Mimi nilijua tangu kabla ya mvua. Nilidhani mnajua."

Maneno hayo yameniuma kuliko zile kunde. Mtu wa kuja ameona, na mimi ninayekula naye sahani moja sikuona. Na sasa nikifikiria, dalili zilikuwepo. Aliacha kwenda jumuiya akasingizia magoti. Hakumwamkia mtu mpaka asikie sauti yake kwanza. Sindano alinipa mimi nimtungie uzi, nami nikaona ni uvivu wa uzee, nikamtania.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, na tumechelewa. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Amepewa dawa ya matone ili huo mwanga uliobaki usiondoke haraka, lakini ule uliokwisha kwenda, daktari alisema wazi kwamba haurudi.

Njiani nilimuuliza kwa nini alitunyamazia. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno. "Ningesema, mngenihamishia Mwanza. Humu ndani mwangu mimi naona. Nikitoka humu ndipo nitakuwa kipofu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Alijua nyumba nzima kwa mkono. Mkanda ulimwongoza, vile vijishimo vyetu vya utotoni vilimwambia amefika mlango gani, na mtungi alijua uko kona ipi. Tulimtoa kwenye nyumba yake akiwa amekaa humo humo. Sikulaumu peke yako. Picha zilitoka kwako, ila mikono ilikuwa yangu, na sote wawili hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba anapenda nini. Nililia sana wiki ile, sitakuficha.

Nilitaka kumwita Jonasi arudishe mkanda kwa saruji. Mama akakataa, akasema saruji ina baridi. Limi ndiye aliyeokoa jahazi. Alikuja na ndoo mbili za mavi ya ng'ombe, akasema kwao udongo bila hayo hupasuka. Mjomba Titus alituma kwa bodaboda mfuko wa udongo mweupe wa Mandawa wa kuchanganya na wa kichuguu. Jonasi alitukwangulia lipu kidogo usawa wa kiuno ili udongo upate kushika. Mimi nilikanda, Limi alibeba, na Mama alijenga mwenyewe, akitangulia kwa mkono wa kushoto na kulainisha kwa wa kulia. Sijawahi kumwona mtu anafanya kazi kwa utulivu namna ile. Alikuwa anaimba, na mimi na Limi tulikuwa tunacheka kwa jinsi tulivyochafuka. Habari ya kunde imekwisha.

Rangi yako haikupotea bure, usihuzunike. Ukuta mweupe unampa mwanga. Ile ndoo ya buluu uliyosema ni ya geti nimepaka fremu zote za milango, na Mama anasema akisimama vizuri anaiona, kitu cheusi kwenye weupe. Mapazia mazito nimeyaondoa, jua linaingia. Zulia nimelitoa kabla halijamwangusha. Kabati, makochi na mtungi vimerudi vilipokuwa. Si sebule ya kwenye picha tena, lakini sasa Mama anatembea humo akiwa amenyoosha mgongo, na juzi alinichotea maji ya kunywa mwenyewe.

Kwa hiyo tusiongelee tena habari ya kumhamishia Mwanza. Nakuomba hilo kama dada yako mkubwa. Na usitume ile dari wala taa za rangi. Njoo wewe. Ni miaka sita sasa, Evarist, na kila Krismasi ni duka, duka. Mama hasemi, lakini anapowasikia watoto wako kwenye simu huibana simu sikioni kwa mikono miwili. Akikushika usoni leo na wewe ukiwa karibu na mwanga, bado atakuona. Mwakani sijui.

Msalimie sana wifi na umwambie kanga alizotuma, Mama hazivui. Wabusu Happy na Enock, waambie shangazi yao anawawekea korosho za kwanza. Mjomba Titus anawasalimu, na Limi pia, ingawa hamjuani. Mungu awalinde, awafungulie njia, na awalete nyumbani mkiwa wazima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Agatha

N.B. Mkanda umekwisha nyumba nzima isipokuwa kando ya mlango wa chumba chako. Alama yake na ya baba ameibonyeza mwenyewe, na mimi nimebonyeza zangu mbili. Pako ameacha kipande kibichi cha upana wa kiganja, hakijabonyezwa, amekifunika kwa kitambaa chenye maji, na kila asubuhi anakilowesha. Nilimwambia, "Mama, nimbonyezee mimi, dole gumba ni dole gumba." Akanijibu, "Nitajua si lake." Hii ni siku ya tisa anakimwagia maji. Pembeni kimeanza kukauka.