Kopo la Rehema na Vigelegele vya Makorora

Shoga yangu Tatu,

Mama Salimu amekuja huko mwezi uliopita, na najua hata hajapoa ameshakusimulia habari za mwanao Rehema. Usimwamini. Mtaa mzima wa Makorora wanaisimulia vibaya. Mmoja anasema jini, mwingine eti Rehema alikunywa dawa ya kurudi usichana. Mwenye hadithi ni mimi, na unajua mimi siongezi chumvi. Usicheke, utapasua kaburi.

Tangu uondoke, siku za mwezi za Rehema zimekatika. Sawa, umri umefika. Lakini joto, shoga! Linampanda kifuani mpaka utosini, palepale kwenye meza yake ya machungwa ya Muheza, jasho linamchuruzika usoni. Wateja wakidhani anakulilia wewe, wanampa pole, wanaona haya kupatana bei. Biashara ilikwenda vizuri! Ila usingizi hana, na hasira kama paka aliyemwagiwa maji.

Ndipo dada mmoja mwenye duka la vipodozi akamletea kopo la mafuta. Halina jina, halina karatasi, limepita mpakani Horohoro ndani ya mfuko wa maandazi. "Homoni za asili hizi, umechanganyiwa wewe peke yako." Sasa sisi watu wa singo, ukituambia kitu kimechanganywa kwa mkono, umetumaliza. Nani Tanga hii anachanganya singo ya kumsugua bi harusi kama mimi? Liwa napima kwa kiganja, karafuu kwa macho, na maharusi wangu wote waling'aa. Basi Rehema naye akajisugua mafuta yale kama singo, shingoni mpaka visiginoni, asubuhi na jioni.

Joto likakimbia. Halafu damu ikarudi.

Ungewaona! Mdogo wako Mwanaidi akapiga vigelegele, udi ukawashwa, Rehema akavishwa kanga mpya: mtoto karudi usichana! Mimi kigelegele hakikunitoka, na unajua mimi sikosi kigelegele. Kizazi kilichokwisha kufunga duka hakifungui hivihivi. Nikamshika mwanao mkono, nikamvuta mpaka hospitali, na kopo lake.

Daktari, binti mdogo tu, akanipa shikamoo yangu, akaligeuzageuza kopo. "Bibi, hakuna anayejua humu mna homoni kiasi gani. Kopo la leo si kopo la kesho." Akasema homoni moja inanenepesha ukuta wa kizazi, nyingine inaulinda. Mwanamke mwenye kizazi akipata ile ya kwanza bila ya pili, ukuta unaweza kunenepa, mwishowe ukageuka saratani. Wakamtoa kinyama kidogo cha ukuta huo wakapime.

Tatu, siku zile za kungoja... sikumsimulia mtu kitu. Nilikaa barazani kwako natazama mlango.

Majibu yakaja: ukuta umenenepa, saratani hamna. Alhamdulillahi. Wakampa dawa ya kuurudisha.

Sasa anatumia homoni za boksi, zilizosajiliwa. Daktari hakumficha: nazo zina hatari zake, ila zimepimwa, zimeandikwa, na yeye mwenyewe anamwangalia. Karatasi yake ndefu kama risala ya harusi, na Rehema kaisoma yote. Analala, shoga. Anacheka kile kicheko chako cha puani. Na wateja wameanza tena kupatana bei!

Singo yangu naendelea nayo, ile ni ya ngozi. Lakini nakuahidi, mwanamke yeyote mtaani ambaye siku zake zimeshakatika akiona damu tena, nitaziba midomo ya wenye vigelegele kwa mkono wangu huu, kwanza hospitali. Lala salama, shoga. Ijumaa nitakuletea asumini.

Ila moja. Ile ya kumvuta mkono ni chumvi yangu. Nilipofika kumwambia twende, nilimkuta ameshavaa buibui, kopo mkononi. Miguu iliyogoma kwa hofu ilikuwa yangu. Mwanao ndiye aliyenishika mkono.