Popo, Kaa na Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Nimekata majani ya ng'ombe, nimenawa, nimempokea Paskalina kifuani. Pacha wetu wamezaliwa kabla ya siku zao. Magdalena, mke wangu, anambeba wa kiume. Mimi wa kike, ngozi kwa ngozi, nimemfunga kwa kanga chini ya shati. Nesi wa Katesh alisema nikimlaza chini atapoa, na akipoa tutamkosa. Naogopa. Naona na aibu pia, nisijidanganye. Hapa Gendabi mwanamume hafungi kanga.

Jumatano, 6 Machi
Popo kaanguka kutoka kwenye kenchi ya paa. Magdalena kapiga yowe. Nikashika fagio nimuue. Kumbe tumboni ana kitoto, kiko uchi kabisa, kimeng'ang'ania chuchu. Popo mama akapanda ukuta nacho mpaka juu. Jamani! Na kuruka anaruka nacho.

Ijumaa, 8 Machi
Zamu ya kusafisha chemchemi. Wanaume wakaniita wakicheka: "Baba Mapacha, unatoka au unanyonyesha?" Magdalena alikuwa uani na wa kiume. Sikumngoja. Nimemlaza mtoto kwenye blanketi, nimeenda.

Nimeinua jiwe. Kaa jike, magando juu, hakimbii. Nimempindua kwa jembe. Chini ya mkia wake uliokunjwa, vikaa vimejazana kama ulezi, vinatembea! Popo ana joto, ana mtoto mmoja, ana maziwa. Huyu ni baridi kama jiwe lake, maziwa hana, watoto hawahesabiki. Hawafanani kwa lolote. Na wote wawili wamewaweka watoto tumboni. Nikatupa jembe, nikakimbia nyumbani.

Miguu ya Paskalina ilikuwa ya baridi. Halii. Nimemrudisha kifuani, Magdalena akatufunika blanketi. Nimeomba Mungu kwa sauti kama mwehu. Alasiri ndipo akajinyoosha, akaanza kutafuta ziwa kwangu. Masikini, huku hakuna kitu. Nimelia.

Jumatatu, 11 Machi
Kliniki, Katesh. Ameongezeka uzito. Kidogo, lakini ameongezeka! Nesi kacheka, Magdalena kacheka. Mimi nimemfunga tena kifuani.

Jumatano, 13 Machi
Nimefuata jembe langu chemchemini. Paskalina kifuani, kanga juu ya shati, waone wote. Wanaume walikuwepo. Nimemwamkia mzee Tluway shikamoo. Kaitika marahaba, kamtazama mtoto, kasogeza ndoo zake nipite. Maji yametulia, yanaonekana mpaka chini. Kaa alikuwa bado pale pale. Nimemrudishia jiwe lake taratibu, kwa mkono mmoja.