Sajini Meja Nzai Garama na Bakuli la Mashendea

Baba, mwaka umetimia tangu uliposhushwa hapa Msambweni kutoka kwenye tela la trekta la miwa, umefunikwa koti la mtu mwingine. Tunakuandikia wewe. Wengine wakisikia, shauri yao. Majirani zako unawajua.

Ulikuwa mtu mwema. Tuliseme hilo kwanza, maana mbele tutagombana. Ulipokuja likizo ulianza kwa kumwamkia Mama, ndipo ukatuangalia sisi. Ulituletea sukari ya Ramisi na kanga, na bila hata kuvua buti ulikuwa umeshapanda juu ya paa la jirani kuziba linapovuja. Ua wetu uliukagua kama kambi. Hata kuku walikuogopa, na jogoo yule mwekundu tulimwita Koplo kwa kuwa ndiye pekee aliyesimama wima mbele yako.

Jambo moja tu lilitushangaza. Siku mmoja wetu, Mangi, alipomwelekezea nduguye Rai mti wa muhogo na kusema "Paa!", uliruka ukamnyang'anya, ukauvunja vipande vipande. "Mtu haelekezewi kitu!" ukasema. "Hata ufagio!" Kisha ukaenda kukaa peke yako nyuma ya jiko. Tukasema, basi tena, jeshi limetuharibia baba.

Mwaka wa uhuru ulirudi kutoka bara na cheo kipya, mkuu wa kikosi cha mpakani kule Jego, karibu na Vanga. Sisi tulijaa kifua kwa fahari. Lakini hukurudi peke yako. Ulirudi na Koplo Muthoka, Mkamba mrefu mwenye macho makubwa, ndiye mpishi wako na ndiye mlinzi wako. Kuanzia chini ya macho hadi shingoni alikuwa amejifunga kitambaa cha kaki, fundo kisogoni, na hakukifungua mbele ya mtu yeyote.

"Karibu, mwanangu," Mama akamwambia.

Yule akanong'ona kitu kwenye kitambaa. Ukajibu wewe: "Muthoka anasema asante."

"Habari za safari?"

"Muthoka anasema amechoka kidogo."

"Kwani yeye hana kinywa?" Mama akauliza. Ukacheka, baba, lakini kicheko kile hakikuwa chako.

Akala pembeni, ameelekea ukuta, nawe ukaketi kati yake na sisi kama pazia. Baba mdogo Chome hakula siku hiyo, alikuwa na kazi ya kuangalia tu. Mliporudi kambini akamwita Mama kando. "Huyu amewekwa, shemeji. Serikali hii mpya haiwaamini watu wa pwani wenye vyeo, kila mmoja amepewa jicho lake. Au ni wale wa wakati wa hali ya hatari huko bara, waliokuwa wakivikwa magunia kichwani wawachongee wenzao kwa Wazungu kwa kutikisa kichwa. Huyu ameacha gunia akachukua kitambaa." Neno lile lilimwingia Mama.

Halafu yakaja mambo ya meno yako. Kila mlipokuja nyumbani, wewe na kivuli chako, ulimwambia Mama meno yanakuuma, akupikie mashendea, wali wa majimaji unaoteleza bila kutafunwa, na kunde zipondwe, na samaki achambuliwe miba yote. Mama alipika kwa upendo. Bakuli la chakula laini lilikuwa lako, na mgeni alipewa wali mkavu na changu wa kukaanga.

Mchana mmoja, akiwa mlangoni mwa jiko, Mama alikuona ukiyabadilisha mabakuli. Lako ukampa Muthoka. La Muthoka ukalivuta kwako, ukakitafuna kichwa cha changu mpaka tukasikia mfupa ukivunjika. Mwenye meno mabovu, eti!

Unajua Mama aliwaza nini? Aliwaza: mume wangu amefundishwa kuniogopa. Chakula nilichompikia yeye anamlisha mwingine kwanza, aone kama ataanguka, na yeye anakula cha mgeni kwa kuwa anajua mgeni sitamdhuru. Na aliyemfundisha ni yule asiye na uso.

Hakukuuliza. Tangu siku hiyo, kila alipoleta chakula alikionja kwanza mbele yako, kijiko kimejaa, polepole, ukiona. Ulidhani ni tabia ya wapishi? Miaka yote ile ya Jego Mama alionja, nawe ulinyamaza, na mapenzi yenu yakawa ya kupeana habari za mashamba. Sisi wanao tulimchukia Muthoka kwa ajili hiyo. Tulimchukia kweli kweli, hatufichi.

Kisha ukafa. Uliugua tumbo kambini baada ya chakula, na aliyekipika ni Muthoka. Lori la kambi lilikwama matopeni kabla ya kufika Ramisi, akakubeba mgongoni hadi alipopata trekta, akakufunika koti lake, ukakata roho njiani. Daktari alisema utumbo ulijisokota. Nani wa kumsikiliza daktari? Chome alitangaza matangani kwamba umelishwa sumu. Mama hakutoa chozi hata moja. Alikaa akimtazama Muthoka, na Muthoka akikata kuni, akichota maji, halali, hasemi.

Siku ya kuanua matanga tuliketi mkekani kunyolewa, kama desturi yetu inavyotaka, jamaa wa marehemu peke yao. Mzee Kombe alikuwa akinoa wembe. Muthoka akaja akaketi mwisho wa mkeka.

"Ondoka hapo," Chome akamwambia. "Wananyolewa wenye msiba. Wewe una msiba gani?"

Muthoka hakuondoka. Alipeleka mikono kisogoni, akafungua fundo mwenyewe.

Baba, tungekulaani kwa kutuficha, kama usingekuwa umekwisha kuzikwa. Upande mmoja wa taya haukuwepo. Ngozi ilikuwa imevutwa hadi shingoni, na meno yaliyobaki hayakufika kukutana na kitu. Rai alipiga kelele. Mzee Kombe akaweka wembe chini.

Mama akainuka. "Nani alikufanya hivi?"

Muthoka akasema, na sisi tukasikia pumzi na mate tu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba miaka yote ile wewe ndiye uliyekuwa kinywa chake.

"Anasema nini?" Chome akafoka.

Mama akachutama mbele yake, akamtegea sikio karibu kabisa. "Sema tena, mwanangu. Taratibu." Kisha akaanza kutuambia, maneno yale yale uliyokuwa ukitumia wewe. "Muthoka anasema bunduki ilikuwa ya afande. Anasema walikuwa wakisafisha silaha huko bara, na afande hakuangalia kama imebaki na risasi." Akamtegea sikio tena. "Anasema aliwaambia wakubwa kwamba alijipiga mwenyewe, afande asije akavuliwa cheo. Na afande akaapa hatamwacha."

Chome ndiye aliyeuliza, na usimlaumu, sote swali hilo lilikuwa ulimini mwetu. "Ilifyatuka, au aliifyatua?"

Mama alisikiliza muda mrefu. "Anasema hajui," akasema. "Anasema alikuwa amempa afande mgongo, akaitwa jina, akageuka. Anasema hajawahi kumwuliza. Alikuwa akimwona anavyohangaika kumtafutia chakula laini, akaona haina haja."

Sasa unaona, baba? Miaka mitatu tulimtilia shaka aliyefunika uso, na wewe mwenye uso wazi ukala nasi, ukacheka nasi, ukatuaga. Hatumwombi radhi mtu. Ungesema neno moja tu.

Mama alikuwa bado amechutama. Alikuwa na swali lake, dogo, na sauti ilimtoka kama ya msichana. "Na bakuli langu? Kwa nini alikupa bakuli langu?"

Muthoka alimjibu kwa maneno machache. Mama akajaribu kuyarudia, yakamshinda, akajaribu tena. "Anasema afande alimwambia hivi: 'Wewe kule Jego nakupondea mimi, unakonda. Hakuna ajuaye kupika laini kama mke wangu. Lakini nikimwambia ni kwa ajili ya nani, ataniuliza kwa nini. Na yeye siwezi kumdanganya.'"

Hapo Mama akaangua kilio. Akapiga ardhi kwa viganja. "Baba Jumwa! Baba Jumwa jamani! Nimeonja chakula mbele yako kama mshtakiwa, nawe unaniona! Kumbe ulikuwa unaniamini!" Alikulilia matanga yote kwa mara moja. Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akamgeukia Mzee Kombe. "Mnyoe huyu. Anifuate mimi." Chome akanyolewa baada yake, amenuna.

Huo ndio mwaka wetu. Muthoka ametoka jeshini, analima kipande chako cha chini, na mihogo yake inaishinda yako, utusamehe. Anakula uani akiwa ametuelekea, bila kitambaa, na wajukuu wamefundishwa kutokodoa macho. Chome bado hakubali kumpa mgongo. Anasema mwenye siri moja hakosi ya pili. Nasi hatuwezi kusema tumetulia. Kuna siku Mama anasimama na mwiko mkononi, anaangalia upande wa kaburi lako, anakuuliza kwa sauti, "Ilifyatuka, au uliifyatua?" Kisha anaendelea kukoroga. Anakupenda, na anakushuku, na vyote viwili vimekuwa vikubwa kuliko zamani.

Leo amepika mashendea, mabakuli mawili, moja la Muthoka na moja lako. Hakuyaonja.

Wanaokukumbuka ni mkeo Kadzo, wanao Jumwa, Mangi na Rai, ndugu yako Chome, aliyekataa kuandikwa baada ya Muthoka, wajukuu wako, na Koplo Muthoka, aliyenyolewa kwa ajili yako.

Siku zote tutakukumbuka, baba. Jibu la Mama liweke tayari.