Kusimama Bila Kuulizwa

Bonn, Ujerumani

Mpendwa Mama Chebet,

Chamgei. Mnaendeleaje hapo Kapkatet? Naomba barua hii ikukute una nguvu, na goti la mama yangu liwe limepungua uvimbe. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo mgonjwa.

Umeniandikia kwamba baridi ya alfajiri imeunguza majani ya chai yetu tena, na kule Ndanai mahindi ya kaka yako yamekauka yangali mafupi. Ukaongeza utani wako: "Waambie hao wazungu unaoketi nao waturudishie mvua yetu." Nilicheka, kisha nikayasoma tena. Hiyo ndiyo kazi iliyonileta huku, na wiki hii nimeshindwa.

Tulikuwa tukibishania sentensi moja tu ya mkataba wa mataifa: kwamba nchi tajiri, ambazo moshi wa viwanda vyao unapasha joto hewa na bahari, zipunguze moshi huo kwa lazima. Wakubwa walitaka iwe kwa hiari. Hiari! Mwizi wa ng'ombe naye aachiwe hiari ya kurudisha ndama?

Mama mmoja, mjumbe wa kisiwa kidogo, ambako maji ya chumvi yameingia visimani na makaburini, alinijia kabla ya kikao. "Ndugu yangu, nikisema peke yangu watasema ni kilio cha kisiwa tu. Sema nami." Nikamwahidi.

Huku, anayetaka kusema husimamisha kibao chenye jina la nchi yake. Yule mama alipomaliza kusema, nikasimamisha chetu. Kiongozi wa ujumbe wetu akakilaza kwa kidole kimoja.

"Rono, umetumwa na nani?"

"Na wakulima."

"Wakulima hawakukukatia tiketi. Nairobi imesema tunyamaze. Kuna msaada tunaungojea."

Basi nikasimama mimi mwenyewe. Unajua kwetu kwenye kokwet, mtu akisimama barazani, hata bila kutamka neno, wazee hawafungi shauri kabla ya kumwuliza ana nini. Vitabu vyote nilivyosoma, mabishano yote, na bado niliamini hivyo ndivyo watu wanavyofanya. Mwenyekiti akanitazama. "Bwana pale nyuma, choo kiko kushoto." Ukumbi ukacheka. Akamshukuru yule mama kwa hisia zake, akagonga nyundo. Ikawa hiari.

Baadaye yule mama hakunitukana. Aliniuliza, "Kwenu ni mbali na bahari?" Nikamwambia ni mbali, tena ni milimani. "Basi mshukuru Mungu," akasema, akaenda zake.

Nimefikiria kuacha kazi. Nikiondoka, kiti atapewa mtu asiyejali kabisa. Nikibaki, nitalipwa mshahara wa kunyamaza. Niambie wewe, maana mimi sijui.

Hiyo chai iliyoungua msiing'oe. Ipogoeni, mngoje. Sina shauri lingine la kukupa, pamoja na makabrasha yote yaliyojaa chumba hiki.

Nisalimie mama yangu, na ndugu yangu mwalimu kule Kipkelion, na jirani yetu karani wa kiwanda aliyetoka upande wa Ziwa. Kaka yako mwambie nimesikia habari ya mahindi yake. Na wakikuuliza kanisani mumeo alisema nini huko kwa wakubwa, usiwadanganye. Waambie hakusema.

Ni mimi mumeo,
Baba Chebet