Boriti za Hoteli ya Mwingereza

Mbotela, Nairobi
9 Agosti 1981

Dada yangu Mukai,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Natumaini kile kikohozi kimekuachilia. Sisi tuna afya, ila amani ndiyo imetukimbia. Najua Teresiah alifika kwako analia, akisema mama mdogo amemwachisha kazi kwa wivu. Nisikilize kwanza.

Unakumbuka nilivyofurahi mume wangu Matheka alipoitwa kufanya useremala kwenye ile hoteli ya zamani, njia ya Limuru. Ilijengwa na Mwingereza kwa mfano wa nyumba za wageni za kwao: kuta nyeupe zenye mbao nyeusi, madirisha ya vioo vidogo vidogo, paa limeinuka sana, na dari ya chini hivi kwamba mtu mrefu huinama. Mwenye hoteli mpya alitaka itengenezwe ibaki vilevile. Mimi ndiye niliyembembeleza Matheka amtafutie binti yako Teresiah kazi ya kupeleka chakula mezani.

Basi mume wangu akabadilika. Unajua kwetu mume huchonga, mke hupiga msasa na polishi. Matheka akaanza kubeba mikebe yangu ya polishi nyeusi na kuirudisha mitupu. Nikiuliza, ananiambia nisijali. Nisijali vipi, na kazi yake inapakwa na mikono nisiyoijua? Anarudi ananuka moshi, hanitazami usoni. Jirani yangu Phelister, ambaye hakosi neno, akanikumbusha kwamba lisemwalo lipo. Nikawa nanusa mashati kama mbwa wa polisi. Nikamuuliza Teresiah kama kuna mwanamke huko, akacheka, nami nikaamini anamfichia.

Jumatano nikafunga muthokoi wake wa mchana kwenye bakuli, nikaenda bila taarifa. Nilimkuta nyuma ya hoteli, peke yake, anapiga mbao mpya kwa mnyororo, anazibabua kwa moto, kisha anazipaka polishi yangu zionekane za kale. Nilicheka kwa furaha. Yeye hakucheka. Alikaa chini, chakula kikapoa.

Alinieleza kwamba msimamizi wa ujenzi aliuza boriti za asili, zile nene zilizobeba ukumbi wa dansi wa juu. Matheka akaamriwa kupigilia mbao nyembamba ziwe kama sanduku refu, ndani tupu, na kuzizeesha. Akifungua mdomo, yeye ndiye atakayeitwa mwizi. Na mwisho wa mwezi watu watacheza juu, Teresiah akiwa chini na sinia. Dada, afadhali ingekuwa mwanamke.

Ndiyo sababu nilimtoa Teresiah kazini bila kumweleza, maana ana maneno mengi. Asirudi huko, hata akikubembeleza. Matheka nilimwambia amweleze mwenye hoteli, la sivyo nitakwenda mimi. Aliniuliza kwa hasira kama nataka watoto wale mawe. Hatukusemezana tena hadi leo asubuhi, alipovaa suti ya kanisani, akaacha tezo na patasi zake chini ya kitanda. Alisema anakwenda kwa mwenye hoteli, na asiporudi nimtafute kituo cha polisi. Naogopa, na sijampenda hivi tangu siku tuliyooana.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mtuombee. Mwambie Teresiah aendelee kuninunia akipenda. Aliye hai ndiye hununa.

Mdogo wako,
Wayua