Bibi Alivyoupaka Mafuta Mguu wa Panzi

Nyumbani,
Juu ya duka la viatu,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo unaendeleaje, na wifi bado anakukataza kubeba mizigo? Mtii. Sisi wazima, ila mbavu zinatuuma kwa kucheka, na mimi sauti imenikauka kwa kupiga kelele uwanjani. Mama anakula vizuri, anagomba vizuri zaidi.

Sasa keti. Nakuletea habari za mpwa wako Panzi, maana najua watu wameshakusimulia nusunusu.

Unakumbuka alivyozaliwa, mguu wa kushoto umeishia chini kidogo ya goti, na mkono wa upande huohuo una vidole viwili. Mkunga akamfunika gubigubi, wageni wasione. Mama akamfunua mbele ya wageni haohao, akampaka mafuta mguu mrefu na mfupi, akasema mjukuu wake hatoki kwa watu amekauka. Ndiye Mama huyohuyo. Hajabadilika, na hiyo ndiyo balaa yenyewe.

Jina la Panzi ulimpa wewe, enzi zile akiruka mabeseni yangu ya kufulia kwa mguu mmoja. Sasa anaruka kwenye mchanga wa viwanja vikubwa, kwa ule mguu wa bandia wa kurukia, uliopinda kama mundu. Medali zake nimezitundika juu ya cherehani. Mteja akija kupimwa, azisifu kwanza.

Jana walikuwa wanachagua timu ya taifa. Nafasi ilikuwa moja tu. Mara iliyopita aliikosa kwa sababu ya kidonda, akakaa wiki nzima bila kusema na mtu, kwa hiyo unaelewa nilivyokuwa roho juu. Kila mmoja anaruka mara tatu, basi.

Asubuhi, Panzi akiwa anaoga, Mama akauona mguu wa kurukia umeegemea ukuta, umejaa vumbi la mazoezi. Na televisheni ingekuwepo! Akachukua mafuta yake ya waridi akaupaka wote, nje na ndani, mpaka kwenye kikombe anamoingiza mguu wake mfupi. Kisha akautia kwenye mkoba wa Panzi, kimya. Uwanjani jina likaitwa mapema, Panzi akauvaa mbiombio.

Mruko wa kwanza, mtoto akapaa, mguu ukachomoka hewani. Panzi akatua mbele, mguu ukatua nyuma. Waamuzi wasio na haya wakapima mpaka kwenye mguu! Ati sheria inahesabu alama ya nyuma. Shemeji yako akapanda juu ya kiti.

"Pimeni mtu! Mguu hatukuuandikisha!"

Nikamvuta shati akakaa.

Mruko wa pili, mguu ukajizungusha katikati ya mbio ukaelekea alikotoka. Panzi akaanguka kabla ya kuufikia mchanga. Kocha akaubeba mguu, akaunusa, akauliza kwa upole wa kutisha nani kautia marashi. Mama akanyoosha mkono, tena kwa fahari.

"Mimi. Mlitaka aonekane mkavu mbele za watu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikamwona Panzi anauma midomo asilie, na Mama akamwona pia. Hapo ndipo alipoelewa. Akavua kilemba chake kipya, kichwa wazi mbele ya uwanja mzima, akakitumbukiza kwenye kikombe akafuta, akafuta, mpaka kocha akaridhika.

Mruko wa tatu sikuuona, nilifumba macho. Nilisikia tu shemeji yako analia kwikwi kama mtoto, nikajua tumepata. Kamzidi wa pili kwa upana wa kiganja. Nafasi ni yake!

Lakini jioni Mama akajifungia chumbani, akakataa chakula, akasema mikono yake ina nuksi. Panzi akabisha mpaka akafunguliwa. Akaketi kitandani, akauweka mguu wa kurukia mbali kabisa, akampandishia Mama ule mfupi mapajani.

"Bibi, ule una fundi wake. Wako ni huu. Nipake."

Akapaka huku analia. Nami mlangoni nikalia.

Msalimie wifi na watoto wote. Shemeji yako atakupigia sauti ikimrudia. Mama anakutumia chupa ya mafuta ya waridi, anasema kwenye picha uliyotuma umekauka.

Mungu akulinde, akunyooshee na huo mgongo.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.